Mchungaji Simtaji

Niseme mapema kwamba mchungaji wa chuo chetu si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia kazi ya kumchukia. Ni mpole, hapandishi sauti, akikuuliza habari za nyumbani anasubiri jibu. Mwanafunzi akifiwa usiku, yeye ndiye wa kwanza kufika bwenini. Mwanafunzi akikosa nauli ya kwenda kuzika, anatoa yake. Ubaya wake ni mmoja tu: hajui kunyamaza. Na kwa kuwa kutokunyamaza kwake hupitia kwenye sala, hakuna aliyethubutu kumwambia. Utamkatizaje mtu anayezungumza na Mungu?

Kila Jumapili baada ya mahubiri tuna kipindi cha kuombeana. Anafumba macho, anainua mikono, anaanza: "Bwana, yupo kijana mmoja katikati yetu, simtaji jina." Halafu anamweleza huyo kijana mpaka unaweza kumshonea suruali bila kumpima. Kwamba ni wa uhandisi. Kwamba ana pikipiki nyekundu. Kwamba ameachwa na mchumba wake, na mchumba mwenyewe yuko pale pale maktaba, anagonga mihuri. Kanisa zima linaitikia amina huku macho yakitafuta dirishani pikipiki nyekundu imeegeshwa wapi. Wanafunzi ndio waliompachika jina la Mchungaji Simtaji. Mwenyewe analijua na analipenda. Anadhani wanamsifu kwa kutunza siri.

Sisi walimu nasi tulikuwa tunaburudika. Mke wa mhasibu hukaa nyuma yangu, na kila sala ikianza ananinong'oneza, "Ni yule wa uchumi." Mimi namjibu, "Siye, wa uchumi hana pikipiki." Mimi nafundisha takwimu, sipendi watu wanaobahatisha. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Huo mkuki ulikuwa unapita kila Jumapili, ila nguruwe hakuwa wa kwetu.

Kwetu yupo binti wa kaka yangu. Amekaa kwangu tangu aanze chuo. Alirithi jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo tangu akiwa mchanga namwita Mama, na yeye akitaka kunichokoza ananiita mwanangu. Akinikuta nimeacha vyombo kwenye karo ananiambia, "Mwanangu, nilikulea hivi mimi?" Ni mrefu mpaka anainama kuingia stoo. Anasoma uuguzi, mwaka wa mwisho, na anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa la chuo.

Kuna kipindi alipata ugonjwa wa huzuni. Nausema hivyo kwa kuwa ndivyo ulivyokuwa, ugonjwa, si uvivu wala si mapepo. Halali, hali, anakaa kitandani anautazama ukuta siku nzima. Nikimwita anaitika kwa sauti ya mtu aliye chumba cha pili. Daktari wa hospitali ya chuo alimwanzishia vidonge, kimoja kila asubuhi, na kila baada ya muda anakwenda kuonana naye wazungumze. Polepole mtoto akarudi. Siku aliyocheka tena, kwa sababu nilikuwa nimeunguza maharage nikayapamba na kitunguu ili asijue, nilijifungia bafuni nikalia mpaka akaja kugonga. Tulijua sisi wawili na daktari. Hata baba yake hatukumwambia, maana kaka yangu ni mtu wa kupiga simu kwanza na kufikiri baadaye.

Sasa ulikaribia wakati wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwenda wodini kwa mazoezi yao ya mwisho, yale ya kushika mgonjwa wao wenyewe chini ya muuguzi mkuu. Usipoingia wodini na wenzako, huhitimu na wenzako. Mama aliingiwa na woga. Aliniambia anaona haya, eti atamtunzaje mgonjwa naye mwenyewe ni mgonjwa. Akasema anataka kwenda kwa mchungaji waombe pamoja. Nikamwambia nenda, Mama, yule ni mtu wa Mungu. Mvua ilikuwa inanyesha, nikampa na mwavuli.

Alirudi uso umetulia. Amezungumza, amelia, ameombewa, amejisikia mwepesi. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na mchungaji.

Jumapili iliyofuata tulikaa kama kawaida, mimi benchi langu, Mama mbele na kwaya, mke wa mhasibu nyuma yangu na mdomo wake. Mahubiri yakaisha. Mchungaji akafumba macho.

"Bwana, yupo binti mmoja katikati yetu, simtaji jina."

Mke wa mhasibu akajisogeza.

"Ni wa uuguzi, Bwana, na yu karibu kumaliza safari yake. Ulimpa urefu, ukampa na sauti, hata sasa amesimama nyuma yangu pamoja na wenzake wa sauti ya pili. Wewe unamwona akimeza vidonge kila asubuhi ili apate kutabasamu. Wewe unajua jinsi huzuni ilivyomlaza kitandani. Mfungue, Bwana. Mvushe salama aingie wodini bila hofu."

Kwenye sauti ya pili mrefu ni mmoja. Waliobaki wote wanamwishia mabegani. Mimi huhangaika muhula mzima kuwaonyesha wanafunzi kwamba sifa chache tu, ukizipanga vizuri, zinatosha kumtoa mtu mmoja kati ya maelfu. Mchungaji alilimaliza somo hilo kwa sala moja, na darasa zima likaelewa. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, yeye alimimina gunia.

Mke wa mhasibu hakuninong'oneza kitu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinyamaza, na hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna asiyejua. Nilimtazama Mama. Alikuwa anatazama mbele, juu ya vichwa vyetu wote. Kwaya ilipoitwa kuimba aliimba wimbo mzima, hakuruka hata ubeti, na mimi niliushika ubao wa benchi nikauminya mpaka vidole vikaniuma. Moyo uliniuma zaidi. Nilitaka kupanda pale mbele nimvue yule mtu joho.

Kaka yangu yuko mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, lakini alipiga simu kabla sijavua viatu. "Mtoto wangu ana nini? Naambiwa ana kichaa." Nilimuuliza nani kamwambia. Akasema hakutajiwa jina.

Jumatatu asubuhi Mama aliitwa na mkuu wa idara ya uuguzi. Huyu bwana ni mzee wa kanisa, anakaa benchi la mbele kabisa, na amina yake husikika mpaka nje. Alimwambia asiingie wodini kwanza, mpaka hali ieleweke. Mama akamuuliza hali gani. Akasema, "Hali kwa ujumla."

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Sikula, sikunywa, nikaenda moja kwa moja kwa mchungaji. Ofisi yake ni chumba kidogo kilichotengwa kwa mbao nyembamba, ukikohoa ndani, nje wanakwambia pole. Ukutani kuna kibao kizuri cha rangi ya bluu: YANAYOSEMWA HAPA YANABAKI HAPA. Alinipokea kwa furaha, akanivutia kiti.

"Mwalimu, karibu. Nimekuwa nikikuombea."

"Ndicho nilichokuja kukuomba uache," nikamwambia. "Mchungaji, umemwanika mtoto wangu."

Alishtuka kweli, si kwa kuigiza. "Nimemwanika vipi? Nilimtaja jina?"

"Hukumtaja."

"Basi."

"Umetaja masomo yake, mwaka wake, urefu wake, sauti yake, na mahali aliposimama. Kwani Mungu hakujua urefu wake mpaka umwambie?"

Akatabasamu kwa upole, kama mtu anayejibu mtoto. "Mwalimu, hatumwambii Mungu kwa sababu hajui. Tunamwambia ili sisi tusikie."

"Ndiyo, na tumesikia."

Hakuona kosa. Ungempasua kifua ukautazama moyo wake, usingekuta humo hata chembe ya hila. Aliniambia kwamba kanisa zima sasa linambeba binti yule katika sala, kwamba watu wengi wamekwishamfuata kumuuliza anaendeleaje, kwamba huo ndio upendo. Lakini, akasema, nikiona bado nina dukuduku, nina haki ya kulalamika. Utaratibu upo. Akafungua kabati akatoa kijitabu chenye jalada la kung'aa: Mwongozo wa Maadili ya Huduma ya Kiroho Chuoni. Aliuandika mwenyewe. Vyuo vingine vimekuja kuunakili. Akanisomea kwa sauti yake ile ya kubembeleza kwamba siri ya anayeshauriwa ni takatifu, na jina lake lisitajwe kamwe. Akafunga, akanitazama kwa macho ya mtu aliyeshinda bila kupigana.

"Na malalamiko yanapelekwa kwa nani?" nikauliza.

"Kwa mlezi wa kiroho wa chuo."

"Ambaye ni nani?"

"Ni mimi," akasema, bila aibu hata kidogo.

Kesi ya nyani unampelekea ngedere. Nikayatoa malalamiko yangu pale pale kwa mdomo, akayapokea kwa unyenyekevu, akanihakikishia kwamba atajifikisha mbele ya kamati ya maadili bila kujipendelea.

Nyumbani Mama alinikuta nikifungua na kufunga makabati bila kutafuta kitu. Akanikalisha.

"Mwanangu, sikiliza. Mimi sitaki vita. Nataka wodi tu. Wenzangu wakiingia nikabaki, nitavaa joho peke yangu mwaka mwingine, na kila mtu atajua kwa nini."

"Utaingia wodini na wenzako," nikamwambia, "na mchungaji nitamtia adabu. Vyote viwili."

"Ukilazimika kuchagua kimoja?"

"Sitalazimika."

Akaniangalia kwa jicho la mama yangu, lile la kusema tutaona.

Kamati ilikutana kabla wanafunzi hawajapangwa wodini, na hilo tuliliona ni baraka. Chumba chao kiko mkabala na ofisi ya mchungaji. Mlango ni wa kioo, na nje yake kuna benchi ambalo wanafunzi wenye shida hukaa wakisubiri zamu ya kumwona. Mwenyekiti alikuwa Mshauri wa Wanafunzi, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, anayependa kila jambo liishe kabla ya chakula cha mchana. Wajumbe walikuwa mkuu wa idara ya uuguzi, huyo huyo mzee wetu wa kanisa, na dada mmoja mwanafunzi anayeongoza umoja wa vijana wa kanisani. Mchungaji alikuwa katibu. Mimi na Mama tulikalishwa mwisho wa meza. Alitangaza kwamba kwa kuwa shauri linamhusu, leo hatapiga kura. Ataandika tu uamuzi.

Kisha akaombwa afungue kwa sala.

"Bwana," akasema, "tunakuletea kikao hiki. Yupo shangazi mmoja mwenye uchungu mwingi, simtaji jina."

Shangazi mle ndani nilikuwa mimi peke yangu. Nikaitikia amina kwa meno.

Mwenyekiti akavaa miwani. Akasema jambo lenyewe si gumu. Mwongozo unakataza kutaja jina. Jina halikutajwa. Lakini ili haki itendeke, ni vizuri tujue kama kuna mtu yeyote aliyemtambua mhusika kutokana na sala ile. Kama yupo, basi siri ilitoka. Kama hayupo, siri ingali siri.

"Dada," akamuuliza kiongozi wa vijana, "wewe ulimtambua?"

Yule dada akatikisa kichwa. "Hapana. Mimi nilikuwa nasali."

"Mzee?"

"Hata kidogo," akasema mkuu wa idara. "Nilikuwa nimezama katika roho."

"Na mimi pia sikumtambua," mwenyekiti akamaliza.

Nilikaribia kupiga kelele, halafu nikawaelewa. Kukubali kwamba ulimtambua ni kukubali kwamba wenzako walipofumba macho, wewe ulikuwa umefumbua. Hakuna aliyekuwa tayari kujidunga mwiba huo. Watu wazima watatu, wawili wao wenye vyeti ukutani, waliapa mbele ya yule binti mrefu aliyeketi nao meza moja kwamba hawana habari ni nani.

"Basi," mwenyekiti akasema, "kwa kuwa hakuna aliyemtambua..."

"Nina swali moja," nikamkatiza. "Kwa mzee."

Mkuu wa idara akanitazama.

"Mzee, Jumatatu ulimwita mwanafunzi huyu ukamzuia kuingia wodini. Kama hukumtambua Jumapili, ulimzuia kwa sababu gani?"

Alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nilimpa nafasi, sikumharakisha. Nilikuwa nimelifikiria swali hilo tangu nifungue kabati la kwanza jikoni, na nilitaka kulifaidi. Ama alimtambua, na mchungaji ametoa siri, ama hakumtambua, na amemzuia mtoto wa watu bure. Njia ya tatu sikumwachia.

"Nilipata," akasema, "msukumo."

"Msukumo wa nini?"

"Wa ndani."

"Unaohusu nini?"

"Kwa ujumla," akasema, na jasho likamtoka kwenye kipara.

Mwenyekiti ni mwerevu, simnyimi haki yake. Aliona shimo, akaona na ubao wa kulivukia. Akavua miwani, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Naona tunakubaliana kuliko tunavyodhani. Hakuna aliyemtambua binti, kwa hiyo mchungaji hakukosea. Na kwa kuwa hakuna aliyemtambua, idara haina sababu yoyote ya kumzuia. Ataingia wodini na wenzake kama alivyopangiwa. Shauri limefungwa, hakuna aliyeumia. Mzee, sawa?"

"Sawa kabisa," akasema mkuu wa idara, na pumzi ikamtoka.

Mchungaji alikuwa anaandika haraka, uso unang'aa. Na mimi, nikwambie ukweli, nilifurahi. Nilimkosa mchungaji, haya, lakini wodi ilikuwa mkononi. Mtoto atahitimu. Kaka yangu atanyamaza. Nikamfinya Mama chini ya meza, maana yake sema ahsante tuondoke.

"Binti," mwenyekiti akamuuliza, "umeridhika?"

Mama aliusukuma mkono wangu pembeni. Alikuwa anatazama mlango wa kioo. Nje, kwenye benchi, alikaa msichana mmoja, wa mwaka wa kwanza nadhani, amekumbatia mkoba wake magotini, macho yamevimba. Anasubiri kikao kiishe amwone mchungaji.

"Hapana," Mama akasema.

Nikamfinya tena, kwa kucha.

"Mnanijua," akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya kwaya. "Wote mnanijua. Dada, jioni ya Jumapili ile uliniletea machungwa, na hujawahi kuniletea hata ndimu. Mzee, tangu siku ile unanisalimia ukitazama viatu vyangu. Mama mwenyekiti, ulimwambia katibu wako anipigie simu aulize kama ninalala vizuri. Ninalala vizuri, ahsante."

Akamgeukia mkuu wa idara.

"Yule mrefu wa sauti ya pili ni mimi. Niliugua, ninatibiwa, nameza kidonge kila asubuhi. Daktari wangu yuko kwenye hospitali hiyo hiyo mnayonizuia kuingia, na amesema nafaa kwa kazi. Ungeniuliza tu, mzee, ningekwambia. Watu wazima wote hawa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Mkuu wa idara alikohoa. Nitasema hili kwa faida yake, kwamba safari hii alimtazama usoni. Lakini mdomo wake ulikuwa bado wa ofisini. Alisema kwamba sasa, kwa kuwa amesikia rasmi, hawezi kujifanya hakusikia. Kanuni ya idara inataka mwanafunzi aliye kwenye matibabu athibitishwe kwanza na jopo la madaktari. Jopo halikai karibuni. Likikaa na kumkubali, ataingia na kundi litakalofuata.

"Najua," Mama akasema. "Nimeisoma."

Alijua. Alikaa pale akijua, wodi iko mezani mbele yake, na akaisukuma kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwinamia sikioni, nimewaka.

"Mama, unajua umefanya nini? Ulisema wodi tu. Wodi tu, ulisema."

"Nilisema, mwanangu. Lakini nikiingia kwa sababu hawanijui, siku nitakayochelewa kidogo tu watanikumbuka. Na yule pale nje? Akitoka humo ndani, Jumapili atakuwa nani?"

Mimi wa takwimu nilikuwa nimehesabu mtoto mmoja, wa kwangu.

Mwenyekiti, ambaye sasa chakula cha mchana kilikuwa kinampita, alilazimika kukubali kwamba mhusika ametambulika na kwamba siri ilitoka. Kamati ikaamua kuwa mchungaji amekiuka Mwongozo wa Maadili. Adhabu yake, ahudhurie semina ya maadili ya huduma ya kiroho. Semina hiyo hutolewa na mtu mmoja tu pale chuoni, na ndiye aliyekuwa anaandika uamuzi. Aliinua kichwa kidogo, kama anayetaka kuuliza, kisha akainama akaendelea kuandika. Nilicheka peke yangu. Hakuna aliyeniuliza nacheka nini.

Tulipotoka, mchungaji alitufuata. Alikuwa ameumia. Macho yalikuwa mekundu, nami kwa sekunde moja nilimhurumia, Mungu anisamehe.

"Binti yangu," akamwambia Mama pale pale mbele ya benchi, "umeniumiza sana. Kamati, wajumbe, mambo ya kuandikiana, hayo ni ya watu wasiojuana. Mimi ni mchungaji wako. Kama ulikuwa na jambo, kwa nini hukuja kwangu kwanza, tukazungumza wawili tu, mimi na wewe?"

Mama alimtazama. Alikuwa anamzidi urefu, kwa hiyo ilimbidi ainame kidogo, kama anavyoinama kuingia stoo.

"Mchungaji," akasema, "nilikuja kwako kwanza."

Mchungaji alifungua mdomo. Tangu nimfahamu, sijawahi kumwona akikosa la kusema, na pale alilikosa. Alisimama na kalamu mkononi, anatutazama sisi, kisha anatazama kibao chake cha bluu kinachoonekana kupitia mlango wa ofisi alioacha wazi.

Yule msichana wa kwenye benchi alikuwa amesikia yote. Akainuka, akavaa mkoba wake begani, akaanza kushuka ngazi, haraka, huku akijifuta uso kwa kiganja. Mchungaji akamwita, "Binti, zamu yako." Hakugeuka.

"Nishikie hii," Mama akaniambia, akanipa koti lake. Akashuka ngazi kumfuata. Nilimsikia chini akimuuliza kama ana mtu wa kumsindikiza bwenini, na baada ya muda nikasikia wanatembea pamoja.